Askofu

Tulimwita Askofu kwa ile kola ya manjano shingoni.
Alikuja na mpangaji, ndani ya kreti ya tufaha.
Mpangaji akahama usiku na kodi yetu ya miezi miwili,
Askofu akabaki juu ya friji.

Puerto Montt mvua haibishi hodi.
Jiko la kuni halizimwi tangu Machi hadi Novemba,
na sote sita, ukimhesabu yeye,
maisha yetu ni jikoni.

Mimi ndiye ninayeosha kizimba.
Ninayejua kinyesi cha uzima na kinyesi cha ugonjwa,
ninayekata tufaha na kuzidokoa mbegu zake kwa ncha ya kisu,
ninayenunua alizeti hata mwezi wa madeni.
Na mimi ndiye mwenye kovu, hapa, kwenye kidole cha shahada.
Damu ilidondokea unga.
Nilikuwa na haraka. Nikaukanda mkate hivyo hivyo.

Rigoberto, mume wangu, hajui hata ndege huyu anakula nini.
Hurudi kutoka gatini akinuka dizeli,
hujibwaga kitini,
na Askofu hushuka kwa miguu, rafu hadi rafu,
taratibu, kama bibi harusi anayejua anatazamwa,
akampanda begani, akamchambua nyusi unywele kwa unywele.
Mboni zake hupanuka, hunywea, hupanuka.
Mimi sijatazamwa hivyo tangu mwaka wa tetemeko.

Mama mkwe, Eduvigis, ana mkataba naye:
saa kumi na moja jioni, chai,
bibi huchovya biskuti, ndege huchovya biskuti,
hawasemezani wala hawagusani.
Wagonjwa wawili kwenye benchi la kliniki.

Kwa Yasna huinamisha kichwa, manyoya wima, akunwe.
Ila Jumamosi tu.
Siku nyingine humkwepa kama mtu anayemdai.

Na Nicanor wangu, kitinda mimba, miaka tisa,
alimfanyia kila hila: mbinja, karanga, wimbo wa shule.
Askofu akampa mgongo.
Mtoto alilia bafuni, bomba wazi, tusisikie.
Nikamwambia, moyo wa ndege si mkate,
haukatwi vipande sawa.
Maneno ya mtu mzima, hayo.
Usiku nikasimama mbele ya yule mwenye mdomo wa ndoana,
nikamuuliza: na mimi je?
Akanya.

Juni, kiwanda cha samoni kikanipa zamu ndefu.
Natoka gizani, narudi gizani.
Wiki ya tatu Yasna akaniambia, akicheka, lakini si sana:
Mama, siku hizi ukiondoka huondoki.
Saa moja asubuhi, toka juu ya friji: Nicanor, soksi!
Saa mbili: Rigoberto, mlango, baridi hiyo!
Kwa sauti yako. Na kile kikohozi chako kidogo cha mwisho.

Sikuamini. Mbele yangu hajawahi kutamka hata silabi.

Ikatokea mashine ya barafu kuharibika, tukarudishwa adhuhuri.
Nilisimama barazani, magamba ya samaki mikononi,
buti zimejaa maji,
nikajisikia nikiita.
Niliwaita wote, mmoja mmoja, nyumba haina mtu.
Hata Eduvigis, ambaye Alhamisi huenda kwa dada yake.
Kisha kimya.
Kisha, chinichini:
Haya, mama. Haya. Bado kidogo.

Hayo simwambii mtu.
Hayo najiambia mwenyewe kwenye sinki,
maji yakitiririka, mgongo umewageukia,
nikiamini hakuna anayesikiliza.

Nikafungua mlango. Akanyamaza papo hapo,
akajifanya anachokoa kucha.
Nikaingiza mkono nichukue bakuli la maji.
Aliniuma.
Sikuutoa mkono haraka.