Usiguse

Nilishuka Ipogolo na kigoda begani,
Julai, ukungu umelala juu ya Ruaha Mdogo
kama blanketi lisilotaka kukunjwa.
Wa bodaboda akauliza, "Dada, msiba uko wapi?"
Si msiba, nikamwambia, ni kongamano la wabunifu.
Akapandisha kilima kimya,
miguu mitatu ya msindano ikimchoma mbavuni.

Miezi mitano nilikuwa nacho.
Kikalio alisuka wifi yangu Tulizo kwa milulu,
miguu nikaipiga msasa ikawa laini kama shavu.
Lakini kilichonichelewesha zaidi, niseme ukweli,
ni kibao kidogo cha kuweka mbele yake,
herufi nilizochonga kwa patasi, usiku, kwa tochi ya simu:
USIGUSE.

Basi siku ya kwanza hawakugusa.
Walipita mikono nyuma, vichwa upande,
kama watu wanaoaga maiti wasiyemfahamu vizuri.
"Kizuri." "Kizuri kweli." "Hongera."
Nilihesabu hongera arobaini na moja.
Jioni nikazikung'uta zote mfukoni,
hata nauli haikutoka.

Meza ya jirani, Ambakisye, kijana wa Rungwe,
hana kitambaa, hana vipeperushi.
Ameleta mpini mmoja wa jembe
na mipini saba iliyovunjika.
Kila mvunjiko ameufunga karatasi shingoni:
huu ulipasuka Kiwira, kwenye viazi, mwaka juzi;
huu fundo la mti, kosa langu;
huu mama, alipigia nyoka.
Watu walimjalia pale,
wakishika, wakiinama, wakilima sakafu ya ukumbi,
wakibishana habari za viganja.
Nikamuuliza, huoni aibu kusafiri na mizoga?
"Huu mzima haujui kitu, dada," akasema.
"Wanaojua ni hawa."

Siku ya pili umeme ulikatika katikati ya mada.
Picha za mtoa mada zikazimika ukutani,
naye akazimika nazo.
Tukatoka kunywa chai
katika baridi ile ya Iringa inayoingia hadi kwenye meno.
Niliporudi kuchukua koti
nikamkuta Angetile, dada wa kugawa vikombe,
amekaa.
Juu ya kigoda changu.
Beseni mbele yake, viatu amevua.

Nilifungua mdomo. Namshukuru Mungu haukutoa kitu.
Maana niliona: amekaa upande,
magoti yote mawili kushoto,
kitenge amekibana kwa kiwiko,
na ncha ya mguu wa tatu,
ile niliyoiacha ichomoze kwa makusudi, fahari yangu,
inamdunga pajani kila akiinamia kikombe.

Kigoda kile nilikipima kwa mwili wangu,
nami hushinda karakana ndani ya ovaroli.
Nilipima mti, nilipima milulu,
sikupima kitenge.
Mimi, niliyelelewa na mwanamke
aliyekaa upande miaka hamsini mbele ya mafiga.

"Samahani," akasema, akikurupuka.
Kaa, nikamwambia. Tafadhali, kaa tena.
Nikapiga magoti na penseli,
nikachora juu ya miezi yangu mitano
pale paja lilipopita, pale lilipokwama.
Akacheka. "Unakiharibu!"
"Ndiyo. Sogea kidogo."

Sikuuza. Cheti nilipewa kama wengine wote,
jina langu wamelikosea herufi moja.
Nikarudi Mafinga na kigoda kilichojaa penseli
kama daftari la darasa la pili.

Kipya kina miguu minne, kipana upande wa kushoto,
kwenye picha hakipendezi sana.
Kilihitaji ubao wa kukaza chini,
mbao zimeniishia, nikatazama rafuni,
nikashika msumeno. Kibao kilizidi kidogo;
herufi tatu za mwanzo zikaanguka vumbini.
Ukikipindua kigoda utasoma zilizobaki:
GUSE.
Kiswahili kibovu, najua.
Tulizo anasema nirekebishe.
Nimeacha.