Soli

Ijumaa walikuja wengi kuliko wiki ya Krismasi,
vijana, na viatu mkononi,
pale Kiusa, ubavuni mwa duka la vitenge.
"Fundi, kaza hapa. Kesho tunatembea."
Sikuuliza wapi. Soli husema kabla ya mdomo:
hii imeliwa kisigino, mwenyewe ana haraka;
hii imelika mbele, ya mtu wa kupanda vilima;
na hii ya Elineema, binti wa Oforo,
imetobolewa na miaka minne
ya kwenda kufundisha bure huko Njoro,
kwa jina zuri wanaloliita kujitolea.

Aliomba na maboksi matupu.
Nikampa kumi na mawili.
Upande mmoja: namba arobaini na mbili, rangi nyeusi.
Upande wa pili, kwa wino mzito:
NIMESOMA. NIPO. NIITENI.

Jumamosi nilifunga kibanda saa tatu.
Nikajiambia naenda kukagua kazi yangu tu,
kama gundi imeshika.
Mtu mzima akijidanganya, hana wa kumsuta.

Mlima ulikuwa haujaamka,
umejifunika mawingu hadi kidevuni.
Tukaanzia stendi kuelekea mnara wa saa,
mistari miwili, upande wa kushoto,
kama kibali kilivyosema,
kibali chenye mihuri mitatu
ambacho kijana mmoja alikibeba kifuani, ndani ya nailoni,
kama cheti cha ubatizo.

Hakukuwa na jiwe. Kulikuwa na filimbi moja,
mtoto mgongoni, kiu,
na mama wa ndizi aliyesogeza tenga lake tupite,
kisha akajitwika, akaja.
Mimi niliangalia chini.
Miguu mia tatu, na mishono yangu humo ndani.
Miaka thelathini na moja ya kugonga misumari
sijawahi kusikia kazi yangu ikitoa sauti.

Penye mnara askari walisimama.
Na sisi.
Kimya kile, uzito wa nyundo iliyoinuliwa.
Elineema akasoma karatasi yake, dakika saba,
sauti ikamkatika mara mbili, akarudia.
Afisa akaipokea, akaikunja mara nne.
Jibu mtaletewa, akasema.
Wakaokota chupa zote za maji, mpaka vifuniko,
wakatawanyika wawili wawili.

Jumatatu alikuja mwanamke, nguo za kiraia, buti kwapani.
Sura sikuikumbuka. Soli niliikumbuka:
imefumuka ubavuni,
Jumamosi ilikuwa mstari wa mbele, upande wao.
"Bei gani?"
"Elfu tatu. Kama kwa wale."
Akaketi kwenye kigoda, soksi moja ina tundu,
akauliza, macho barabarani,
kama yule binti amepigiwa simu.
"Bado," nikasema, nikautia uzi nta.
"Mdogo wangu naye," akasema.
"Huu mwaka wa tano."