Fito Saba Juu ya Keria

Riziki kaniambia: zivue ndoana kwanza,
usifunge meno pamoja na ufito.
Nikazivua. Nikazitia koponi, nikafunika.
Kisha tukazilaza fito saba juu ya Noa ya Shaame,
vitako mbele, vichwa nyuma,
ncha tukazivika kipande cha kanga
ambacho jina lake limefutika,
limebaki neno "wivu" tu.

Shaame macho yake kwenye rangi.
"Mpira huo wa baiskeli utanichubulia gari."
Tukatandika gunia. Fundo mbele, fundo kati,
na nyuma fundo la Riziki, alijualo mwenyewe,
halifunguki kwa kuvutwa,
hufunguka kwa kuombwa.

Wete. Konde. Kila tuta natoa kichwa dirishani.
Fito zinapiga mluzi,
gari likipunguza mwendo zinanyamaza
kama watoto mgeni akiingia.
Penye mikarafuu iliyoinamia njia
tukasikia kwaruu! Basi.

Makangale tukashuka, tukahesabu: saba.
Ila ufito wa sita
umening'iniza kikonyo cha karafuu, kibichi,
kwenye ndoana.

Riziki akanitazama.
"Zote, eh?"

Bahari hata hatujaiona,
na tumeshavua.