Mnyambuliko

Kila tarehe ishirini na sita nafunga mlango wa ofisi,
nashusha pazia lenye tundu la moto wa mshumaa,
na naanza kupanga majina.
Skuli yetu ipo Madungu, juu ya duka la rangi za nyumba,
ndiyo maana Kiingereza cha Chake kinanuka tapentaini.

Shaame Faki. Miaka kumi na tisa ubaoni.
Laki tatu na hamsini, kabla ya makato.
Marisel, wa Ufilipino, mwenye shahada mbili: laki tisa.
Orla, wa Ayalandi, ambaye mwaka jana
alikuwa akiuza viatu vya watoto:
dola mia nane, na nyumba, na tangi la maji.
Kazija Mbarouk, mhasibu. Huyo ni mimi.
Jina langu nalitia chini kabisa,
kama mtu apitaye mbele ya wakubwa akiinama.

Wanafunzi wakimbana Orla, kwa nini husemwa hivi na si vile,
huja mbio ukumbini kumtafuta Shaame.
Shaame hupiga mstari wa chaki ukutani,
jana akaiweka huku, kesho kule,
na katikati kitone: "Hapa ndipo uliposimama, mwalimu."
Orla ananakili.
Asubuhi anasomesha yale yale,
na wazazi mlangoni wanatikisa vichwa:
"Huyo sasa! Sikia kinavyomtoka puani."

Basi tunalipa pua.

Bwana Ghalib hafichi. Mzazi, asema, hanunui sarufi, ananunua uso.
Uso wa Orla upo kwenye bango, umekwajuka kwa jua.
Wa Marisel haukutiwa.
"Watadhani tumeleta Mchina," alisema,
na Marisel alikuwa pale pale, akitoa chapa mtihani.

Darasa la sita, kabla hajaikimbia serikali,
Shaame alinisomesha Kiswahili.
Alikuwa akilishika kitenzi kama mtu akamuaye nazi:
ona, onea, onewa,
onana, oneana, onesha.
Tui la kwanza, la pili, mpaka chicha.
Tulikuwa tukiimba tu. Nani alijua
kuonewa kumezaliwa tumbo moja na kuona?

Jumatano umeme ulikatika, Orla akaja na kikaratasi.
Wenziwe wanasomesha Hanoi, wanasomesha Seoul,
kazi hiyo hiyo, na wanapata mara mbili, mara tatu.
Kibali amekilipia mwenyewe, Ghalib hajamrudishia hata senti.
Tangi limetoboka tangu Ramadhani.
Akaniuliza kwa Kiswahili, pole pole,
kwa neno ambalo bila shaka amefunzwa na Shaame:
"Kazija, mimi naonewa?"

Kicheko kilinipanda mpaka kooni.
Kisha nikamwona macho yamemwiva,
na miguu imejaa malengelenge ya mbu,
msichana wa miaka ishirini na nne, mbali na mamake.
Ndiyo, anaonewa. Hesabu ninazo mimi.
Na juu ya hesabu hiyo hiyo, mistari miwili tu,
yumo mtu aliyempa neno la kulilia
na hana wa kumuuliza swali lake.

Mimi nina mkataba. Kifungu cha saba:
mhasibu haoneshi.

Nikamwambia, "Ngoja nikanunue boflo."
Karatasi ya mishahara nikaiacha mezani, chali,
nikaiwekea stepla juu isipeperuke.
Mlango sikuufunga.
Nilikwenda duka la mbali. Nikauliza bei ya vitu nisivyovitaka,
nikasikiliza habari yote ya harusi ya mtoto wa Bikombo
hadi mwenye kuihadithia akachoka.

Niliporudi ofisi ilikuwa tupu.
Karatasi ilikuwa pale pale, imepinda kidogo,
stepla imehamia upande wa kushoto,
na kwenye safu ya tatu, ile ya tarakimu,
alama ya kidole, nyeupe, ya chaki.

Hapa kwetu wote wanashika chaki.

Nimekaa. Nakula boflo kavu.
Ukumbini nasikia mlango wa Ghalib unagongwa,
na siwezi kujua, kwa sauti ya ugongaji,
ni mkono mmoja au mitatu.