Tiketi ya Mkazi

"Mkazi au mgeni?" akauliza wa dirishani,
kalamu mkononi, macho kwenye simu.
Mkazi elfu mbili, mgeni elfu kumi.
Nikautazama mlango, zile njumu za shaba
nilizozihesabu utotoni nikimngoja mama arudi sokoni:
arobaini na moja, na tundu la ile iliyong'oka.
Nikasema, mkazi.
Sauti ilinikwama kidogo.

Hili ndilo Jumba la Jumbe, hapa Bagamoyo,
matumbawe na chokaa, boriti za mkoko,
sasa jeupe kama jino la kubandika.
Siku zetu lilikuwa la manjano yaliyochujuka,
kaya saba, bomba moja,
na choo ambacho ukiingia unaimba
ili mwenzio asisukume mlango.

Kijana Shomari anatuongoza,
mimi na wanafunzi ishirini na watatu wa Dunda.
"Hiki kilikuwa chumba cha mke mkubwa wa Jumbe.
Kwenye vidaka hivi aliweka marashi na udi."
Mama aliweka chumvi, viberiti, dawa ya minyoo,
na ndani kabisa, nyuma ya msahafu,
pesa ya kodi, imefungwa kwenye kipande cha kanga.

"Na msumari huu, watoto, ulibeba upanga."
Ulibeba redio, Shomari mwanangu.
Baba aliupigilia kwa jiwe, siku ya Ijumaa,
akajiponda kidole, akatoa tusi
ambalo Bi Mize wa chumba cha pili
alilisimulia bombani mwezi mzima.
Nimenyamaza. Upanga una heshima zake,
na nani atanilipa kwa kusahihisha ufalme?

Kiti cha enzi kiko nyuma ya kamba nyekundu.
USIKALIE, kibao kinasema.
Sisi hatukuwahi kukiona, tulikalia madebe.
Mvulana mmoja ananong'ona: kumbe kidogo!
Kweli ni kidogo.
Jumbe naye alikuwa na makalio ya kawaida.

Kisha tunashuka.
Ngazi kumi na moja, ya tisa bado inateleza;
mguu wangu umeikumbuka kabla yangu.
Huku chini Shomari anashusha sauti,
anaonyesha pete za chuma ukutani, nne,
anasema ni kina nani waliofungwa hapa
wakingoja kuvushwa,
na kwamba kila kichwa kililipiwa ushuru kule juu,
mbele ya kile kiti.
Wanafunzi wameacha kutafuna.

Sisi tulifunga mbuzi.
Pete ya pili kutoka mlangoni, mbuzi wa mama, Kidoti.
Tuliweka mkaa humu, na baiskeli ya Mzee Kondo,
na mama akinituma aliniambia, kwanza bisha hodi.
"Kwa nani, mama? Hamna mtu."
"Wewe bisha. Ukijibiwa, usijibiwe, bisha."
Hakuwa amesoma. Hapakuwa na kibao.
Nami nilibisha mbiombio, nikachota, nikakimbia,
nikidhani ni vitisho vya wakubwa
tusije tukachezea mkaa.

Leo wenzangu wamekwisha kupanda.
Nimegonga ukuta kwa kifundo cha kidole, mara tatu.
Hodi.
Shomari alikuwa bado ngazini, kumbe.
Hakucheka. Aliinamisha tochi,
akaimulika ile ngazi ya tisa hadi nikapita.

Mlangoni pana daftari la wageni,
kalamu yake imefungwa kwa uzi isiibiwe.
Jina. Tarehe. Unakotoka. Maoni.
Jina nimeandika. Tarehe nimemuuliza mtoto mmoja.
Kwenye unakotoka:
chumba cha tatu, juu, upande wa msikiti.
Nikavuta kalamu niende kwenye maoni.
Uzi haukufika.