Dakika Tatu za Hermes Pintos

Katika ukumbi wa madiwani wa Paysandú,
mji wa Uruguay ulioupa mto mgongo na mlango,
Zulma Berrutti ameandika hati mkato
miaka thelathini na mmoja.
Husikia tusi kabla halijafika mdomoni:
kiti husogea, kikohozi hukatwa katikati,
halafu, "Kwa heshima zote, Mheshimiwa..."
Kwa heshima zote!
Nani aliwahi kuanza hivyo
akamaliza akiwa amebakiwa na nusu yake?

Wahenga wetu walisema maneno matamu
humtoa nyoka pangoni.
Hawakusema, akishatoka, anaelekea kwa nani.

Jumanne hiyo ya Julai, baridi imeshika vioo,
mto ulikuwa umeingia mitaani mara ya pili ndani ya mwaka.
Ajenda ya saba: kuhamisha kaya arobaini.
Diwani Washington Olivera akamwita Nélida Etcheverry
kasuku wa makaratasi.
Wengine wakacheka. Mmoja akapiga meza.
Nélida akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.
"Mheshimiwa amekosea tarakimu," alisema.
"Kaya ni arobaini na tatu. Naomba isahihishwe."
Akaketi.

Ningeweza kuishia hapa,
nikupe fundisho mkononi, kila mtu aende kwake.
Lakini baada yake aliitwa Hermes Pintos,
fundi wa viatu, mkazi wa kaya mojawapo kati ya zile tatu
zilizosahauliwa.
Alikuja na mabuti ya mpira
juu ya zulia jekundu lililonunuliwa mwaka uleule,
na neno lake la kwanza lilikuwa:
samahani kwa zulia.

Akaongea.
Hakuna aliyemkatiza. Hakuna aliyeguna.
Mwenyekiti, mtu mpole kuliko wote,
alitikisa kichwa kwa vipimo,
macho yake yakiwa kwenye simu chini ya meza.
Ungeweza kuupiga picha ukimya ule
ukautia katika kitabu cha tabia njema.
Adabu ilikuwepo, imekaa wima, imefunga tai.
Masikio ndiyo hayakuhudhuria.

Kengele.
"Tunakushukuru sana kwa mchango wako."
"Nilikuwa bado sijafika kwa mama," alisema Hermes,
taratibu, kama anayejilaumu kwa kutembea polepole,
akaanza kukunja karatasi yake.

Nélida akasimama.
"Hoja ya utaratibu. Muda wake uanze upya.
Hakuna aliyemsikiliza.
Nami nimo."

Hapo Zulma aliinua kalamu.
Matusi amezoea kuyaandika; maungamo, la.
Ukumbi ukawa kama nyumba ambayo mgeni
amekuta vyombo havijaoshwa.
Na aliyevunja ukimya ni Olivera,
yule yule wa kasuku:
"Naunga mkono."

Kisha akafanya jambo lisilo katika kanuni za kikao.
Kinywaji chao huitwa mate. Usicheke.
Ni majani machungu, maji ya moto, kibuyu kidogo,
na watu wote hunyonya mrija mmoja,
basi huenda lugha yetu ilijua ikanyamaza.
Alijaza kibuyu, akavuka ukumbi,
akampa Hermes anywe kwanza.
Hakumtazama Nélida aliporudi.
Alipofika kwake, alimpa kibuyu,
naye akakipokea bila kupangusa mrija.

Hermes akaanza upya.
Mwanzo kabisa: samahani kwa zulia.
Akafika kwa mama yake,
aliyelala juu ya kabati usiku mbili
akiwa amekumbatia redio.

Kura iliahirishwa hadi Agosti.
Olivera na Nélida waligombana tena Alhamisi,
kwa sauti, kuhusu taa za barabarani.
Katika kumbukumbu za kikao pana mstari mmoja mtupu.
Karani aliyezipiga chapa alimuuliza Zulma
kama kuna maneno yamepotea.
Alisema hapana,
acha nafasi hivyo hivyo.