Daftari la Kuku

Sekela alipanda Kosta ya saa kumi na mbili asubuhi
kwenda Makambako, binti yetu amejifungua,
akaniachia kuku tisa, ufunguo wa banda,
na daftari la kurasa arobaini na nane
lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
"Wiki tatu tu," alisema dirishani.
"Na usiwape pumba mbichi."
Gari likaondoka kabla sijauliza pumba mbichi ni ipi.

Hapa Isongole Julai haina huruma.
Majani ya viazi yanaamka yamekunjamana,
maji ya kuku yameshika utando mwembamba kama kioo cha saa;
naugonga kwa kidole, unapasuka kimya.

Siku ya kwanza, mayai matatu.
Ya pili, moja.
Ya tatu Kishingo alinitazama kwa jicho moja,
akageuza ile shingo tupu, akanitazama kwa la pili,
akaona hakuna tofauti,
akaenda zake kutagia katika pareto ya Anyosisye.

Miaka thelathini nimelinda ghala la kiwanda,
kila kufuli nikilijua kwa mlio wake.
Sikujua kwamba nyumbani kwangu
kuna Kibutu, hatagi mpaka abadilishiwe majani makavu;
kuna Kidimu, manyoya yamepinduka
kama mtu aliyevaa koti kinyume kwa haraka,
anakula mwisho, na lazima asimamiwe;
kuna Mama Deni,
nilidhani ni jina la utani
mpaka nilipofungua daftari:

*Mama Deni, trei mbili. Ada ya Lugano, imebaki elfu nne.*
*Mama Deni, trei tatu. Miwani ya Baba Lugano.*

Nikaivua ile miwani.
Nikaifuta kwa upindo wa shati, nikaivaa, nikasoma upya.
Mimi niliambiwa ni msaada wa kanisa.

Simu inalia saa moja jioni.
"Kuku hawajambo?"
Hawajambo.
"Kibutu?" Yupo.
"Chanjo ya kideri, tone moja jichoni, umekumbuka?"
Nimekumbuka.
Kimya. Mtoto analia huko nyuma.
"Na wewe?"

Siku ya nane nikatungua msumarini sweta lake la bluu,
lililochakaa viwiko, linalonuka moshi na dagaa,
nikalivaa juu ya koti. Mikono iliishia kwenye viwiko vyangu.
Nikaingia bandani nimeinama kama yeye,
nikaita "tii, tii, tii" kwa sauti nisiyoijua.
Hawakudanganyika, kuku si wajinga;
lakini Kidimu alisogea, akadonoa kifungo cha tatu,
kile alichokizoea,
na wenzake wakaona basi, yaishe.

Anyosisye alikuwa akipita na gunia la viazi baiskelini.
Alisimama. Akanitazama toka sweta hadi kandambili.
"Umeamkaje, Mama Lugano?"
Tangu hapo kijiweni hawaniiti vingine.

Mayai manne. Matano. Siku moja saba,
nikayapanga mezani, nikayahesabu mara mbili kama mshahara.

Usiku mmoja kicheche alikuja.
Sitaandika yote. Nilichelewa na kurunzi.
Asubuhi nilizika manyoya yaliyopinduka chini ya mparachichi,
na jioni simu ilipolia nikawahi kusema, hawajambo,
hata kabla hajauliza,
nikasikia namna alivyonyamaza.

Amerudi jana. Hajavua kitenge cha safari,
ameketi kwenye kigoda anasoma mwandiko wangu.
*Tarehe 19, mayai sita.*
*Tarehe 20, mayai sita, moja limepasuka, nimelikaanga.*
*Tarehe 21, Kidimu.*
Basi. Hakuna namba mbele yake.

Alilamba ncha ya penseli,
akaandika kitu chini ya mstari ule.
Sikukisoma, miwani ilikuwa imeingia ukungu.
Kisha akanyoosha mkono:
"Sweta langu. Kuna baridi."